Kuchagua Msumeno wa Mnyororo Wenye Nguvu Zaidi kwa Kazi ya Kuni



Mvua zikishakwisha na barabara za mashambani zikaanza kupitika, kazi ya kuni huanza. Viwanda vya chai vinataka kuni za boila, wakulima wa tumbaku wanataka kuni za mabani, shule zinataka kuni za jikoni, na nyumbani nako kuni zinahitajika. Wakati huo ndipo bwana shamba anapoulizwa swali lile lile kila kijiji anachopita: "Bwana shamba, huu msumeno wangu umeshindwa kazi. Nataka wenye nguvu zaidi. Ninunue upi?"

Swali hilo ni zuri, na leo tutalijibu. Lakini msumeno wa mnyororo, au cheni-soo kama wengi wetu tunavyouita, si jembe. Bei yake ni bei ya ng'ombe, na ukikosea kuuchagua huwezi kuurudisha dukani. Tena jembe likikuponyoka litakuchubua kidole. Msumeno wa mnyororo ukikuponyoka utakukata mguu. Kwa hiyo twende polepole.

Je, ni kweli msumeno wako ni mdogo?

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kwamba kilichopungua ni nguvu ya injini, si kitu kingine. Misumeno mingi inayosemwa kuwa imechoka, haijachoka hata kidogo. Cheni yake ndiyo butu.

Hebu fanya jaribio hili. Weka gogo juu ya magogo mengine mawili, washa msumeno, ukate huku ukitazama kinachotoka. Cheni kali hutoa vipande vinavyoonekana, kama chenga za mahindi yaliyoparazwa. Cheni butu hutoa vumbi laini kama unga. Dalili nyingine za cheni butu ni hizi: unalazimika kuukandamiza msumeno ili uingie, moshi unatoka kwenye mti, na mkato unapinda upande mmoja badala ya kushuka wima.

Ukiona dalili hizo, chukua tupa ya duara, unoe kila jino kwa idadi sawa ya mapigo. Tupa iwe ya saizi ya cheni yako, maana tupa nene mno au nyembamba mno huharibu jino badala ya kulinoa. Cheni ndogo za misumeno myepesi hutaka tupa ya milimita 4. Cheni za kati hutaka ya milimita 4.8. Cheni kubwa hutaka ya milimita 5.2 au 5.5. Kitabu cha msumeno kitakwambia ipi ni yako. Usisahau kile kinundu kidogo kilicho mbele ya kila jino. Hicho ndicho kinachopima jino lizame kiasi gani ndani ya mti. Kwa kawaida kinundu kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Ukinoa jino mara nyingi bila kukigusa kinundu, jino litakuwa kali lakini halitaufikia mti. Na ukikishusha kupita kiasi, msumeno utakuwa unaruka na kunasa.

Baada ya cheni, angalia chujio la hewa. Injini iliyozibwa na vumbi la mbao ni sawa na mtu anayepanda mlima huku amefungwa kitambaa puani. Angalia na plagi. Angalia pia petroli uliyochanganya: ikiwa imekaa kwenye dumu zaidi ya mwezi mmoja, imwage mbali na shamba na mto, uchanganye nyingine.

Nimewahi kufika kwa mzee mmoja aliyekwisha kupata mnunuzi wa ng'ombe wake ili aongeze pesa za msumeno mpya. Tulikaa chini ya mwembe, tukanoa cheni, tukakung'uta chujio, tukakata gogo. Haikufika hata nusu ya muda aliokuwa akitumia mwanzo. Yule ng'ombe akarudi zizini.

Jambo lingine: kata kuni zikiwa mbichi. Wakulima wengi huangusha mikaratusi, ile tunayoiita milingoti huku Nyanda za Juu Kusini, wakaiacha ilale mpaka ikauke, ndipo waanze kuikata vipande. Mkaratusi mkavu ni mgumu kwa msumeno na ni mgumu zaidi kwa shoka. Ukate vipande ungali mbichi, upasue ungali mbichi, kisha panga kuni mahali penye upepo zikauke. Kuni zilizopasuliwa hukauka upesi kuliko gogo zima, na kukausha kuna faida kubwa. Kilo moja ya kuni mbichi, ambayo nusu ya uzito wake ni maji, hutoa karibu nusu tu ya joto la kilo moja ya kuni iliyokauka vizuri. Sehemu ya joto hilo nayo hupotea kwa kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni yenyewe.

Nguvu ya msumeno hupimwaje?

Haya, tuseme umeshanoa, umeshasafisha, na bado msumeno unalemewa. Basi ni kweli unahitaji mkubwa zaidi. Sasa utaujuaje mkubwa?

Dukani utaona namba mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa silinda, unaoandikwa kwa cc kama kwenye pikipiki. Ya pili ni nguvu yenyewe, inayoandikwa kwa kilowati au kwa nguvu za farasi. Kilowati 1 ni sawa na nguvu za farasi 1.34. Namba hizi mbili huenda pamoja lakini si kitu kimoja. Injini mbili zenye cc sawa zinaweza kupishana nguvu, kwa sababu moja imetengenezwa vizuri na nyingine ovyo. Kwa hiyo usiulize cc peke yake. Uliza na kilowati.

Kwa jumla misumeno iko katika makundi haya:

1. Midogo: cc 30 hadi 40, kilowati 1.2 hadi 1.8, uzito karibu kilo 4 bila baa na cheni.

2. Ya kati: cc 45 hadi 60, kilowati 2 hadi 3, uzito karibu kilo 5.

3. Mikubwa: cc 65 hadi 75, kilowati 3.4 hadi 4, uzito kilo 6 hadi 7.

4. Mikubwa sana: cc 90 na kuendelea, kilowati karibu 5 au zaidi, uzito unaoweza kufika kilo 10. Hii ni ya kuangusha miti minene na kupasua mbao.

Unene wa gogo ndio unaoamua

Sasa chukua futi kamba uende shambani kwako. Pima unene wa magogo unayoyakata mara nyingi. Usipime ule mti mmoja mkubwa ulioko mpakani, alioupanda babu. Pima ile miti unayoikata kila wiki.

Kwa nini tunapima? Kwa sababu unene ukiongezeka mara mbili, kazi ya kukata huongezeka mara nne. Gogo la sentimita 40 si mara mbili ya gogo la sentimita 20. Uso wa mkato wake ni mara nne. Ndiyo maana msumeno unaokata matawi kama muwa hupiga kelele na kukwama ukifika kwenye shina.

Kama magogo yako mengi hayazidi sentimita 20, msumeno wa cc 35 hadi 45 wenye baa ya inchi 14 au 16 unatosha. Kama ni ya sentimita 20 hadi 35, tafuta wa cc 50 hadi 60 wenye baa ya inchi 16 hadi 20. Kama ni ya sentimita 35 hadi 60, na unakata kila siku kwa kuuza, hapo msumeno wa cc 65 hadi 75 ni halali yako. Zaidi ya hapo si kazi ya kuni tena. Kama una miti mitano tu minene, kodi mtu mwenye msumeno mkubwa aje kwa siku moja. Itakugharimu kidogo kuliko kununua wako.

Kumbuka pia aina ya mti. Msindano ni laini. Mkaratusi ni mgumu, na muwati ni mgumu hali kadhalika. Ukiwa katikati ya makundi mawili, na miti yako ni migumu, panda kundi la juu.

Usisahau mwinuko wa mahali

Hili watu wengi hawalijui, na wauzaji wa mjini hawalisemi. Injini hula hewa pamoja na petroli. Kadiri unavyopanda milimani hewa inakuwa nyepesi, na nguvu ya injini inapungua karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Nguvu iliyoandikwa kitabuni si nguvu utakayoipata Njombe au Mufindi, ambako mashamba mengi yako juu ya mita 1,800. Msumeno wa kilowati 3 ukifikishwa kwenye mita 1,900 utakupa karibu kilowati 2.4. Nyingine imebaki bondeni.

Kuna na jambo la kabureta. Msumeno uliorekebishwa Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, ukiletwa milimani utakunywa petroli kupita hewa inayopatikana. Utatoa moshi mwingi na kuvuta kwa uvivu. Mwombe fundi anayejua aurekebishe mahali utakapofanyia kazi. Usijaribu mwenyewe kwa bisibisi na kubahatisha. Ukiubana mno, petroli na oili vitapungua ndani ya silinda, pistoni itaungua, na hapo umekwisha kuupoteza msumeno. Na ukiuteremsha tena kwenda kufanya kazi bondeni, urekebishwe tena. Misumeno mingine ya siku hizi hujirekebisha yenyewe, lakini bei yake ni kubwa zaidi.

Baa ndefu si nguvu

Watu hupenda baa ndefu. Mtu akipita na baa ya inchi 25 begani anaonekana fundi. Lakini baa ndefu haiongezi nguvu, inaila. Cheni ndefu ina meno mengi ya kuvuta, ina msuguano mwingi na inataka oili nyingi. Ukifunga baa ya inchi 20 kwenye injini ya cc 40 umeifanya injini hiyo kuwa dhaifu kuliko ilivyokuwa. Chagua baa iliyozidi kidogo tu unene wa magogo yako ya kila siku. Baa ya inchi 16 ni sentimita 40, na ya inchi 20 ni sentimita 50. Kwa kuni, wengi wetu hatuhitaji kupita hapo. Baa fupi ni rahisi kuitawala, cheni yake ni rahisi kunoa, na haigusi mawe upesi.

Kosa nililolipitisha mwenyewe

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi, kikundi kimoja cha wakulima kilitaka mkopo wa kununua msumeno. Walikuwa na mashamba ya mikaratusi ya miaka sita na saba, miti ya unene wa sentimita 15 hadi 25. Walitaka msumeno wa kundi la nne, ule mkubwa sana, kwa sababu walikuwa wamewaona wapasua mbao wakiutumia. Nilipitia maombi yao nikayakubali. Nilifikiri kwamba kikubwa hakikosi kuwa bora.

Msumeno ulikuja. Katika kikundi kizima waliweza kuubeba na kuukatia kwa saa nzima watu wawili tu. Petroli ilikwenda kama maji. Pesa zote za mkopo zilikuwa zimeishia kwenye msumeno, kwa hiyo suruali ya kinga, kofia wala buti hazikununuliwa. Mwezi wa tatu kijana mmoja aliyekuwa amechoka aliinua msumeno kutoka kwenye gogo, uzito ukamshinda, cheni ikashuka ikiwa bado inazunguka. Alipona, lakini anachechemea. Deni lililipwa kwa miaka miwili. Kila ninapomwona yule kijana barabarani akinisalimia "Shikamoo bwana shamba," nakumbuka sahihi yangu kwenye fomu ile.

Ndiyo maana nasema: pamoja na kupima gogo, pima na mkono wako. Ukiwa dukani, uliza msumeno una uzito gani ukiwa na baa, cheni, petroli na oili. Ushike mbele ya kifua kwa dakika tano bila kuuwasha. Mikono ikianza kutetemeka, huo si wako.

Nguvu ikiongezeka, na kinga iongezeke

Cheni inayozunguka kwa kasi kamili hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde moja. Hakuna mtu wa kuiwahi. Hatari kubwa kuliko zote ni teke la msumeno. Robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa mti, msumeno hurushwa juu na nyuma, kuelekea usoni na shingoni. Msumeno wenye nguvu zaidi hupiga teke kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo usinunue msumeno usio na breki ya cheni mbele ya mshikio wa juu. Baadhi ya misumeno mikubwa ya mtindo wa zamani haina breki hiyo. Uache hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa.

Bajeti yako ihesabu vitu hivi kabla ya kuhesabu msumeno: kofia ngumu yenye wavu wa uso, vizuizi vya masikio, glavu, buti ngumu, na suruali ya kinga. Ndani ya suruali hiyo mna nyuzi ndefu. Cheni ikiigusa, nyuzi huvutwa zikajizungusha kwenye gia na kuisimamisha. Masikio nayo usiyapuuze. Kelele ya msumeno hupita desibeli 100, na sikio likifa halifufuki. Vilevile chagua msumeno wenye mipira au springi za kupunguza mtikisiko. Mtikisiko wa miaka mingi huua mishipa ya vidole, vikawa vyeupe na kufa ganzi.

Usikate peke yako. Usikate kwa kuinua msumeno juu ya mabega. Na usimpe mtoto, hata akililia.

Unapofika dukani

Usinunue maandishi ya ubavuni. Iko misumeno ya bei rahisi inayobandikwa namba kubwa kuliko uwezo wake. Dai kitabu cha maelezo, usome cc, kilowati na uzito. Msumeno uliodai cc 58 na kitabu hakitaji kilowati, una la kuficha. Kisha uliza maswali haya matatu: Vipuri vyake vinapatikana wilayani kwetu? Nani fundi wake? Cheni yake ni ya saizi gani, na inauzwa wapi? Msumeno bora usio na vipuri ni pambo la ukutani.

Uliza pia mchanganyiko wa petroli na oili. Iwapo kitabu kinataka 50 kwa 1, lita 5 za petroli huwekwa mililita 100 za oili. Iwapo kinataka 25 kwa 1, lita 5 huwekwa mililita 200. Usipime kwa kizibo wala kwa macho. Tangi la msumeno mdogo huchukua karibu robo lita, na la mkubwa karibu robo tatu ya lita. Jihesabie mwenyewe utajaza mara ngapi kwa siku, na kuni utakazouza zitalipa au hazitalipa.

Kisiki na kibali

Mambo mawili ya mwisho. La kwanza ni kisiki. Mkaratusi ukikatwa vizuri huchipua, na baada ya miaka sita hadi minane unavuna tena bila kupanda. Kata kwa cheni kali, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, mkato uwe laini na umeinama kidogo ili maji yatiririke. Cheni butu au msumeno uliokushinda uzito huchana gamba, na gamba likichanika machipukizi huwa dhaifu. Kumbe msumeno mbaya unaharibu mavuno ya leo na ya kesho.

La pili ni kibali. Kuwa na msumeno si ruhusa ya kukata. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inalinda misitu ya hifadhi na miti iliyotajwa. Kabla ya kununua msumeno, mwone afisa misitu wa wilaya akueleze utaratibu wa kumiliki msumeno, wa kuvuna na wa kusafirisha kuni. Na anayekata bila kupanda, msumeno wenye nguvu zaidi utamfikisha upesi zaidi kwenye siku ya kukosa kuni.

Ya kukumbuka

Noa kabla ya kununua. Kata kuni mbichi, choma kuni kavu. Pima gogo la kila siku, si gogo la mwaka. Uliza kilowati, na ukiwa milimani punguza sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Baa iwe fupi inayotosha. Uzito uuweze. Nunua kinga kwanza, msumeno baadaye.

Ukifuata hayo, wengi wenu mtajikuta mnarudi nyumbani na msumeno wa kundi la pili, wachache na wa kundi la tatu, na baadhi na tupa tu mfukoni. Wote mtakuwa mmechagua vema.

Kazi njema, ndugu mkulima.